Utumbo Wangu na Choo cha Lugembe

Jumatano, 7 Agosti 1974

Nimerudi kijijini kutoka hospitali mjini. Miezi mitano nilivaa mfuko ubavuni, haja inatokea humo. Sasa utumbo wameurudisha ndani, wameuunga. Daktari akasema umesahau kazi, utajifunza taratibu. Nitakwenda chooni hata mara kumi kwa siku. Nile kidogo kidogo, wali na ndizi. Maharage niache. Nikamwambia mimi Ambrosi nilibeba nta kwa miguu toka Sikonge hadi Tabora, utumbo hautanipangia ratiba.

Leo mara tisa.

Jumapili tunachagua balozi wa nyumba kumi. Mimi au Lugembe, jirani yangu. Cheo ni changu, nimekisubiri tangu Uhuru.

Shida ni choo. Mwaka jana, kampeni ya afya ilipopita, nilizungusha ukuta wa nyasi, nikatia mlango. Shimo sikuchimba. Bwana afya akatazama kwa mbali, akaandika safi. Humo naweka mizinga ya nyuki. Choo cha mwanangu Damas kipo karibu, lakini mkewe anakitumia, na baba mkwe haingii anapojisitiri mkwe wake. Porini ni mbali kwa tumbo hili. Kimebaki cha Lugembe.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemtembelea Lugembe mara saba. Kila mara nasalimu, nauliza hali ya mbuzi, naomba kupita uani. Mara ya tano akasema, mzee mwenzangu, mbuzi ni yule yule. Choo chake kina kifuniko. Sitalisema hilo mbele za watu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mbinu mpya: kutokula. Tumbo likanguruma kama lori la tumbaku. Saidi wa zahanati akasema njaa inaleta gesi tu, ninywe uji wa chumvi, nipake vaselini ngozi iliyochubuka kwa kujifuta. Kijana wa juzi. Nikanywa asali vikombe viwili, dawa ya wanaume.

Mara kumi na nne. Mke wa Lugembe sasa ananiwekea kopo la maji kabla sijabisha hodi.

Jumamosi, 10 Agosti

Mke wangu Apolinaria kasikia kisimani kwamba nakwenda kwa Lugembe kumpigia magoti. Akasema nichimbe shimo, au niwaambie watu naumwa, hakuna atakayecheka. Nikamjibu hakuna anayemchagua balozi anayeharisha.

Nikawakusanya watu wangu. Nikawaambia kesho msisikilize maneno, nitazameni mimi. Nilipo mimi, nanyi mpo. Nassibu, kiongozi wao, akaapa kwa niaba ya wote.

Jumapili, 11 Agosti

Nilikula maharage asubuhi, nipate nguvu ya hotuba. Hotuba ilikuwa nzuri sana.

Tukapangwa mistari miwili, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Mimi tisa, Lugembe saba. Nilihesabu mwenyewe. Katibu wa chama akaanza kuhesabu upande wa Lugembe, na hapo hapo tumbo likaniita. Nikaondoka kwa heshima. Halafu kwa mbio. Nikampita Lugembe, nikaingia uani kwake.

Niliporudi, mstari wangu haupo. Wote tisa wamesimama nyuma ya Lugembe. Nikamuuliza Nassibu huu ni usaliti gani. Akasema, shikamoo mzee, ulituambia tukutazame. Tumekutazama. Umekwenda kwa Lugembe, nasi tukaenda.

Kumi na sita kwa sifuri.

Jumatatu, 12 Agosti

Balozi Lugembe kaja asubuhi na majembe na wanaume watatu. Akasema Apolinaria kawaeleza ugonjwa wangu, hakuna aibu, watanichimbia choo leo hii kiishe. Apolinaria alikwisha kutoa mizinga nje.

Nimeirudisha ndani. Watu nimewafukuza. Aliyenishinda anichimbie shimo, kisha kila nikichuchumaa nimkumbuke yeye?

Ila sina kinyongo. Nimemwambia Lugembe kazi ya ubalozi ni ngumu, nitakuwa mshauri wake, kila siku kuanzia alfajiri. Akaenda kumwambia mkewe aongeze makopo ya maji. Nadhani ni furaha.

Hadi sasa, kabla ya adhuhuri, nimekwisha kumshauri mara sita.