Sweta Yenye Jina Langu

Leo nimeaibika mbele ya mama yangu, mbele ya wakwe wa ndugu yangu na mbele ya mbuzi. Naandika haya nikiwa nyuma ya jiko la mama, hapa Tetu, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndani bado wanacheka. Nawaambia mapema, nyinyi marafiki zangu, kabla hamjaipata kwa mtu mwingine ikiwa imetiwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnanijua. Wachira, miaka arobaini na sita, mtu asiyekaa mahali. Nimekoboa mpunga Mwea, nimeuza viatu Karatina, nimelinda ghala Isiolo, na sasa ni mwaka wa pili niko Nanyuki. Sina mke, sina mtoto, sina hata ndoo (hii ni ya mama). Nilicho nacho ni simu na kumbukumbu. Kila asubuhi natuma sauti kwenye grupu ya familia. "Mnakumbuka siku niliyoanguka kwenye pipa la kahawa?" "Mnakumbuka yule ng'ombe wetu aliyekuwa akifungua lango kwa pembe?" Ndugu yangu mdogo, Ndirangu, hujibu kwa kidole gumba. Wengine hawajibu kitu. Nilidhani hakuna anayesikiliza.

Nyumbani sikuwa nimefika kwa miaka sita. Sababu sina. Kila mwaka nilisema Krismasi, na Krismasi ikifika nilikuwa nimeshahamia mji mwingine, na mtu aliyehamia jana haombi ruhusa leo.

Juma lililopita Ndirangu akaandika kwenye grupu: "Mgeni wa kiume amefika salama. Mama na mtoto wako sawa." Basi. Jina la mtoto hakutaja.

Kwa wale wasio wa huku, nieleze. Kwetu jina la mtoto halitangazwi, kwa sababu kila mtu anaweza kuhesabu. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Wa pili, jina la baba ya mama yake. Wa tatu hupewa jina la ndugu mkubwa wa baba. Na ndugu mkubwa wa Ndirangu ni mmoja tu. Ni mimi.

Nikahesabu kwa vidole. Wa kwanza ni Githinji, jina la marehemu baba yetu, naye yuko darasa la tano. Wa pili ni Chuma, yule mtundu wa miaka mitano ambaye picha zake zimejaa kwenye grupu: kichwa kimenyolewa, suruali imechanika magotini, anasukuma ringi ya baiskeli. Walimpachika jina hilo la Chuma siku alipoanguka kutoka kwenye mparachichi na hakulia. Kila picha yake ikija, mimi naandika, "Kijana huyu atakuwa dereva." Jina lake halisi sikuwahi kuuliza. La kuuliza ni nini, na mimi najua kuhesabu? Wa pili ni Kariuki, jina la baba mkwe wa Ndirangu.

Kwa hiyo huyu mgeni ni wa tatu. Nilirudia vidole mara tatu, na mara zote vilikuja sawa.

Sasa msinicheke kwa hili. Nilikaa kitandani nikalia. Mtu wa umri wangu asiye na mtoto hujiambia hajali. Mimi nilijiambia hivyo kwa miaka mingi, nikaamini. Nilishakubali kwamba jina langu litaishia kwenye kitambulisho. Halafu mtu ambaye sijamtembelea miaka sita ananipa mtoto wa kunibeba baada yangu.

Sikumwambia mtu kwamba nimeelewa. Nilitaka iwe ghafla. Niliandika tu kwenye grupu, "Jumamosi nakuja." Ndirangu akajibu, safari hii kwa maneno: "Njoo. Kuna mtu hapa anakusubiri sana." Nikajua ni nani. (Mtoto wa siku kumi anamsubiri mtu vipi? Sikujiuliza.)

Jana jioni nilienda kwa Abdi, anayeuza mifugo Nanyuki. Nilimwambia nataka mbuzi jike, kijana, mzima, wa kumpelekea mtoto.

"Umepata mtoto?" akaniuliza.

"Nimepata wajina."

Abdi akarudisha yule mbuzi aliyekuwa amemshika, akaniletea mwingine, mweupe mwenye masikio ya kahawia. "Wa jina lako mwenyewe? Basi usimpelekee yule mgonjwa," akasema.

Leo asubuhi tulipanda pikapu ya kabichi, mimi na mbuzi, tukafika Nyeri mjini tukiwa tumeshiba, hasa mbuzi. Nilimfunga nje ya kibanda cha mama mmoja anayefuma sweta za shule, nikaingia.

"Nataka ndogo kabisa, na iandikwe jina kifuani."

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Siku kumi."

Akanitazama. "Ndogo yangu kabisa ni ya nasari."

"Atakua."

"Jina ni gani?"

Nikamtajia polepole, kama mtu anayeimba. Alidarizi kwa uzi wa manjano kwenye sweta ya kijani, herufi kubwa, kutoka kwapa hadi kwapa: WACHIRA. Nilimwambia ni zawadi ya mtoto wa ndugu yangu. Nilimwambia pia ninavyoitwa, ijapokuwa hakuniuliza. Akanipongeza. Mlinzi wa duka la jirani naye akanipongeza, akaniomba nimtoe mbuzi mlangoni.

Kutoka mjini hadi Tetu nilichukua bodaboda. Tulimweka mbuzi katikati, naye akalaza kichwa begani mwa dereva kama mchumba. Mashamba ya chai yalipoanza kuonekana nikaacha kuongea. Kila kona nilikuwa nimeisimulia kwenye grupu, na zote zilikuwa ndogo kuliko nilivyosimulia.

Langoni niliona kondoo dume mnono amefungwa kwenye nguzo ya zizi. Nikajiambia, watu hawa wameniandalia. (Shikeni huyo kondoo. Tutamrudia.)

Chuma ndiye aliyenipokea. Alitoka mbio, akasimama ghafla, akanikagua kuanzia viatu.

"Wewe ndiye Anko wa simu?"

"Ndiye mimi. Habari yako, kijana?"

Alichukua kamba ya mbuzi mkononi mwangu bila kuomba, akaondoka naye.

Ndani kulikuwa kumejaa. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Amezeeka, lakini macho ni yale yale. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Umekonda," akaniachia. Ndirangu alikuwepo, na shemeji Nyawira akiwa amempakata mtoto. Kando yao wameketi wazazi wa Nyawira waliotoka Othaya: Mzee Kariuki kwa koti lake zito, fimbo katikati ya magoti, na mkewe. Shangazi wawili walikuwa wakimenya viazi. Nikaletewa chai.

Mtu mwenye akili angekunywa chai. Mimi nilisimama.

"Shemeji, nipe mtoto," nikasema.

Nyawira alinipa. Mtoto alikuwa mwepesi kama mkate, amekunja ngumi. Nilimtazama nikaona pua yangu. Naapa niliiona.

"Mama," nikaanza, "Mzee Kariuki, na nyinyi nyote. Mimi nimezunguka sana. Kuna mliosema sitarudi, na sikuwa na la kuwajibu. Lakini leo nimerudi, na nimekuta nilikuwa hapa tayari. Ndirangu, ndugu yangu, Nyawira, shemeji yangu, mmenipa kitu ambacho sikustahili. Sitakisahau."

Shangazi mmoja aliweka kisu chini. Ndirangu alikuwa akinitazama kama mtu anayetafuta mahali alipoweka ufunguo. Nikadhani ni machozi.

Nikatoa sweta mfukoni nikamfunika nayo mtoto. Ilimmeza mzima, ikabaki pua tu, na jina.

Shangazi wa pili naye akaweka kisu chini.

Mzee Kariuki akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akainama mbele.

"Wa-chi-ra," akasoma. Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Ni yeye. Ni sisi wote wawili."

"Wachira," Ndirangu akasema taratibu, "huyo ni Kariuki."

"Kariuki si huyu?" nikasema, maana Chuma alikuwa ameingia na kusimama mlangoni. Nikamshika kichwa kilichonyolewa. "Kijana wa pili. Kariuki."

Chuma akajitoa mkononi mwangu.

"Mimi ni Wamuyu," akasema.

Wamuyu ni jina la mama yangu. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hata hilo najua kulihesabu. Na mama yangu, mwenye jina, alikuwa ameketi hatua mbili kutoka nilipo, kikombe mkononi.

"Kumbe," mama akasema, "miaka hii yote dereva ni mimi?"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja alikaa juu ya maganda ya viazi. Nyawira alicheka hadi akaniomba nimrudishie mtoto kabla mtu hajaanguka, sijui ni mimi au mtoto. "Tulijua ni utani wako!" akasema. "Kijana, kijana, kila picha. Mimi nikamwambia Ndirangu, huyu ndugu yako ako na vituko."

"Mbona mlimnyoa?" nikauliza. (Ndiyo utetezi pekee niliokuwa nao.)

"Alijimwagia gundi. Mara mbili."

Ndipo nikamkumbuka yule kondoo kule zizini. Hakuwa wangu. Aliletwa kutoka Othaya na Mzee Kariuki, kumpokea wajina wake. Mimi nimekuja nikasimama mbele ya mzee wa watu, nikambeba mjukuu wake, nikamvisha jina langu, na nikamshukuru kila mtu kwa heshima ambayo ni yake.

Nilimwendea nikainama. "Mzee, nisamehe. Nilihesabu vibaya."

Alivua miwani, akaikunja. "Kijana yangu, keti. Mimi niko na wajukuu sita wenye jina langu. Wawili hata hawanisalimii." Akanigongagonga goti kwa mpini wa fimbo. "Hakuna hata mmoja aliwahi kunifanyia hotuba kama hiyo. Hiyo hotuba naichukua. Mbuzi pia hairudi, ikishaingia boma imeingia. Itangoja wa tatu."

"Ingoje vizuri," Nyawira akasema, "kwa sababu mimi nimefunga duka. Watatu wanatosha."

Watu wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, lakini mama aliniona. Mama huona. Hakuna wa tatu, na mimi na Ndirangu tumezaliwa wawili tu. Alinisukumia mbele yangu sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Nikala, kwa sababu mdomo wenye mukimo hauulizwi maswali.

Chuma akaja akasimama karibu na goti langu.

"Anko, ile pipa ya kahawa ilikuwa na maji au haikuwa?"

"Pipa gani?"

"Ile ulianguka. Kwa simu ulisema ilikuwa na maji. Lakini siku ingine ulisema ilikuwa na kahawa."

Nikamtazama Ndirangu.

"Ndiye huyo anakusubiri," Ndirangu akasema. "Kila jioni anachukua simu kwa cucu yake, huyu mama, wanasikiliza wewe. Asipopata mpya, anarudia za zamani. Ile ya ng'ombe na lango ameniambia mimi kama mimi sikuwepo."

"Sauti yako kwa simu ni nene kuliko wewe," Chuma akaniambia.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiongea na ukuta, nikidhani, na nyuma ya ukuta kumbe wamekaa Wamuyu wawili, mmoja mzee na mmoja mwenye gundi kichwani, wanabishana kuhusu pipa langu. (Lilikuwa na maji. Kahawa niliiongeza baadaye ili hadithi inoge.)

Nikachukua sweta kwenye kiti. Ilikuwa kubwa mno kwa Kariuki mdogo, lakini ilikuwa saizi ya nasari. "Chukua wewe, Chuma. Itakutosha."

Akaisoma kwa kidole, herufi moja moja, kwa kuwa ndiyo kwanza anajifunza. "Imeandikwa jina si yangu," akasema. "Lakini najua wa kumpa."

Akatoka nayo. Tukasikia kelele zizini, halafu kimya, halafu Githinji akipiga mayowe ya kicheko. Tulipotoka nje, hata Mzee Kariuki na fimbo yake, mbuzi wa Abdi alikuwa amesimama katikati ya boma ndani ya sweta ya kijani, miguu ya mbele kwenye mikono, jina langu likiwa limenyooka kifuani. Ilimtosha kabisa. Yule mama wa Nyeri anajua kazi yake.

"Anaitwa Wachira," Chuma akatangaza. "Ni wangu. Atazaa na watoto wake wataitwa Wachira wote."

Mama aliangalia mbuzi kwa muda mrefu, akaangalia kamba, akafuata kamba kwa macho mpaka kwenye nguzo.

"Nimeshukuru," akasema. "Huyu Wachira angalau amefungwa."

Nimemwambia mama sitaondoka kesho. Hakuniamini, ila ameenda kutafuta blanketi. Ndirangu naye amekwisha kutuma picha kwenye grupu, kwa hiyo itawafikia kabla ya usiku. Nawasihi, mkiipata msinipigie simu kucheka. Aliye nyuma, mwenye macho mekundu, ni mimi. Aliyevaa sweta ni wajina wangu.