Ngao ya Chini kwa Chini

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamua. Gari litapata ngao.

Jumapili ijayo mama mkwe anarudi kwake mlimani. Mama watoto amembembeleza siku tatu nzima akubali kupanda gari langu mara ya pili. Mara ya kwanza jiwe lilipasua gia ndogo, kile kiboksi cha tumboni mwa gari kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Oili yote ikamwagika. Mama mkwe akasukuma. Na viatu vyake vya heshima! Tangu siku hiyo gari langu analiita "hilo kabati".

Shemeji, kaka yake mama watoto, ana gari kama langu. Lake lina ngao ya kiwandani, bamba la chuma linalofunika gia isiguswe na mawe. Leo kanionyesha. Kainama, kaigonga kwa kidole, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Kaniuliza kwa huruma kama ampeleke mama yeye, nisije nikapata taabu.

Taabu! Miaka kumi na saba nafundisha jiometri, nishindwe na bamba lenye kona nne?

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwanafunzi wangu wa zamani. Maneno yake machache, na yote ya kukatisha tamaa. Kasema chuma kiwe cha milimita tano. Niache tundu la kumwagia oili. Kati ya ngao na bomba la moshi niache nafasi ya vidole vitatu. Kanyoosha hivyo vidole, utadhani mimi sijui kuhesabu. Nimemshukuru. Mafundi hupenda kukuza mambo.

Hakuweza kuninyima mashine yake kuukuu. Heshima ya mwalimu haichakai.

Chuma nimekipata nyumbani. Geti letu! Kila upande wa geti una bamba la chini la milimita mbili. Mbili na mbili, nne. Ukiongeza rangi, tano. Nimeyakata yote mawili mama watoto alipokuwa kwenye kikao cha kikundi chao cha upandaji miti. Mahali pake nimekaza maboksi ya karatasi na kuyapaka rangi ileile. Ukisimama mbali, na ukiwa na haraka, hutofautishi.

Bamba moja lina neno MBWA, la pili MKALI. Hatujawahi kufuga mbwa. MKALI ndilo litakalokaa nje. Dalili njema.

Jumatano, 6 Agosti

Baada ya vipindi nimelala chini ya gari na karatasi ngumu, nikachora umbo na matundu ya bolti. Nikahamishia kwenye chuma. Nikatoboa matundu manane. Nikainua ngao mahali pake. Hata tundu moja halikukubali!

Nimelaumu chesisi, ule mfupa wa gari. Nimelaumu kiwanda. Kisha nikaelewa. Nilichora nikiwa chini, natazama juu. Nikatoboa nikiwa juu, natazama chini. Kulia kumekuwa kushoto. Asubuhi ya leo nilimpa mwanafunzi sifuri kwa kosa hilohilo.

Kuigeuza ngao kungetosha. Lakini hapo upande wa nje ungesomeka MBWA, nami siwezi kumpakia mama mkwe juu ya neno kama hilo. Adabu kwanza. Nimetoboa mengine manane. Sasa ngao ina matundu kumi na sita na inafanana na kichungio. Itapunguza uzito.

Yule mwanafunzi nitamwongezea alama mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana jioni nilichomelea mabamba mawili yawe moja. Kinyago cha kukinga macho sikukiona, nikavaa miwani ya jua. Kosa dogo. Leo macho yamejaa mchanga wa kuwaza tu, hayafunguki, yanatiririka machozi. Nimefundisha pembetatu nikiwa nimefumba. Wanafunzi wakadhani ninalia kwa ajili ya matokeo yao. Wote wamekusanya kazi ya nyumbani, hata yule wa nyuma ambaye tangu Januari hajawahi kuwa na daftari.

Hii mbinu ihifadhiwe.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya.

Jirani yetu, muuguzi mstaafu, anafuga mbuzi watano. Sikujua kwamba mbuzi hula maboksi. Sasa najua. Wamekula geti, wakaingia, wakala miche ya mama watoto. Mia mbili! Miezi minane ameilea kwenye vikopo, ikapandwe shuleni wiki ijayo. Vimebaki vijiti na vikopo vimelala ubavu.

Nilianza kuwatukana mbuzi kwa sauti, ili nionekane niko upande wake. Jirani akatokea, naye amekuja kulalamika: mbuzi wake mmoja anatapika rangi ya kijani.

Mama watoto akaenda getini. Akachuchumaa. Akapitisha kidole penye mkato. Nikasema kutu imelila geti mpaka bamba likaanguka. Akaniuliza tangu lini kutu inatumia rula.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliokota vikopo kimoja kimoja akavipanga. Kisha akasema bila kunitazama:

"Miche nitaotesha mingine. Wewe mfikishe mama yangu tu."

Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikaenda kupiga ngao msasa.

Jumamosi, 9 Agosti

Imekaa! Bolti nane, zote zimekaza. Na nati nimezichomelea kabisa, mwizi asije akaifungua. Sasa ngao na gari ni mwili mmoja, kama ndoa. Kama ndoa za wengine.

Kati ya ngao na bomba la moshi kinapita kidole kimoja. Chembamba. Tundu la kumwagia oili nimelisahau. Lakini kwa ngao kama hii, nani atahitaji kumwaga oili?

Shemeji kapita kuchungulia. Kalala chini dakika nzima, katoka, kajikung'uta suruali. Kasema kesho naye ana safari ya huko huko mlimani, kwa mambo yake. Mambo gani? Kasema yake tu.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Jiwe lenyewe.

Mama mkwe alitoka asubuhi amevaa mabuti ya shambani. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu. Nikamwambia, mama, mbona leo ni kukavu? Kasema ameona avae tu.

Barabara ya lami, raha. Kwenye kokoto, raha. Tulipofika kwenye njia ya mawe ngao ikaanza kazi. Ngwaa! Nikamwambia mama mkwe, umesikia? Hilo lingekuwa gia. Ngwaa! Na hilo. Hata mawe tuliyoyapita kwa amani zamani, sasa tuliyagonga, maana ngao imening'inia kiganja kizima chini kuliko chochote kilichokuwapo. Sikulitaja hilo.

Kisha nyasi ndefu, kavu. Mama mkwe akavuta pua.

"Mkwe wangu, kuna kitu kinaungua."

Nikamwambia ni rangi mpya, inazoea joto. Akaitikia kwa heshima. Hatua mia moja hivi, akasema rangi yangu sasa ina moshi. Nikatazama pembeni nihakikishe, na hapo hapo gari likapanda jiwe la katikati ya njia na kubaki juu yake. Magurudumu manne hewani, kama kobe aliyewekwa juu ya kigoda.

Nyasi zilikuwa zimejaa juu ya ngao, zimebanwa na bomba la moshi, zinawaka. Nikatambaa chini na spana. Nati zimechomelewa! Na mimi mwenyewe! Nikaanza kupuliza. Mama mkwe akanisogeza kwa mguu, mguu wenye buti, akafungua chupa yake ya chai na kuirusha yote juu kupitia yale matundu manane ya makosa. Moto ukazima. Ndiyo faida ya kichungio.

Shemeji akafika, kwa mambo yake. Ana kamba tayari, ana dumu la maji. Akainama, akasoma kwa sauti kilichoandikwa chini ya gari langu: "Mkali." Akainuka. "Kweli, shemeji. Wewe mkali."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mti. Sijawahi kumsikia akicheka. Kisha akaniwekea mkono begani, akasema, "Mwanangu, nia yako naiona. Gari lako ndilo sitaki kuliona." Shemeji akalishusha gari langu jiweni kwa kamba, mama mkwe akapanda lake, nami nikabaki nikisubiri langu lipoe; sasa hivi amepiga simu kwamba amefika kwake salama, bila kusukuma chochote.

Kwa hiyo amefika. Hilo ndilo mama watoto aliloomba.

Jumatatu, 11 Agosti

Fundi amekata ngao kwa moto. Aliinua vidole vitatu tu, akavitazama, akavishusha.

Ila gia haina hata mkwaruzo! Nimemwambia mama watoto. Kaniambia hata mche mmoja hauna mkwaruzo, maana hakuna mche. Nimemwomba radhi, kwa maneno, mara mbili. Kaitikia mara moja. Tumeweka mbao getini, nami nimeshika misumari kama mtoto anayeadhibiwa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata usingizi mzuri na akili imetulia. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Sikupaswa kuanza na ngao. Njia ya mlimani ina kijito, na tatizo la gari kwenye kijito ni pumzi. Shemeji ana bomba la kuvutia hewa, linapanda kutoka kwenye injini mpaka juu ya paa la gari. La kiwandani, bila shaka. Kalipiga kwa kidole.

Na nyumba yetu ina bomba zuri sana la plastiki, linaloteremsha maji ya paa hadi kwenye tangi. Kipenyo ni kilekile. Mvua haijanyesha miezi miwili. Msumeno ninao.

Mama watoto ameuliza ninafanya nini juu ya ngazi. Nimemwambia ninakagua.