Kompyuta ya Kupikwa Nyumbani

Usiku ule nilikesha nikisubiri habari kutoka chumba cha pili, utadhani kuna mtu anajifungua humo. Hakuna aliyejifungua. Ilikuwa kompyuta ya mwanangu inapika.

Mwanangu mtaa mzima unamwita Profesa, jina alilojipa mwenyewe kabla mtaa haujapata nafasi ya kufikiri. Ana miaka ishirini na tisa na hajawahi kuajiriwa. Jumatatu saa tatu asubuhi alitakiwa kwenye kampuni ya kusambaza dawa, akaonyeshe programu yake ya kuhesabu makatoni. Wakiipenda, kazi ni yake. Programu ilikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Bosi alitaka jambo moja tu: iwekwe ndani ya kontena, yaani ifungashwe pamoja na kila inachokihitaji, ili ikihamishiwa mashine nyingine isilete ubishi.

Binti wa jirani, naye ni mtu wa kompyuta, aliniambia kusimika hilo kontena ni kazi ya robo saa. Nikampelekea Profesa habari hiyo njema. Akacheka kwa pua.

"Mama, yule anakula vilivyopikwa na watu. Mimi kwenye mashine yangu kila kitu napika mwenyewe, kuanzia kibichi."

Hayo ndiyo maringo yake. Wenzake wakitaka programu wanaichukua ikiwa tayari. Yeye anachukua maandishi ya walioiunda, anaipa mashine iyageuze kuwa programu, mstari kwa mstari. Ni sawa na mtu anayetaka kukaa, akaanza kwa kupanda mti wa kuchongea kiti! Anasema faida yake ni kuondoa usichokihitaji. Hata kiini, ule moyo unaoendesha mashine nzima, alikuwa ameshakipunguza mpaka akawa anajisifu kwamba duniani hakuna chepesi kama chake.

Alianza Jumapili baada ya chakula cha mchana. Feni ya kompyuta ikavuma kama inataka kupaa. Akatukataza pasi, akatukataza birika, umeme usije ukakatika. Baba yake akaniuliza kama kupumua kunaruhusiwa. Nikamwambia apumue polepole.

Saa tisa za usiku feni ikanyamaza. Nilifika kabla hajaniita. Profesa akanyoosha vidole kama mpiga kinanda, akaliamuru kontena liwake.

Likakataa.

Akaliamuru tena, safari hii kwa adabu. Likakataa kwa maneno yale yale. Nilipombana, akaniambia kwamba kiini kimekosa sehemu fulani, na bila hizo kontena haliwezi kuishi.

"Nani kaziondoa?"

"Ziliondolewa," akasema.

Nimemlea mwenyewe. Tangu mdogo hajawahi kuvunja kikombe. Vikombe vilikuwa vinavunjika.

Akaanza kupika kiini upya, na sehemu zake zote. Mimi nikavuta kiti nikakaa nyuma yake, maana niliona huyu akiachwa peke yake atapunguza na kingine. Saa moja na nusu asubuhi kikaiva. Akaizima mashine, akaiwasha, akatoa amri. Kontena likakataa kama lilivyokataa usiku.

Profesa akalaza kichwa mezani. Akaanza kunieleza kwamba kampuni yenyewe ni ndogo, na kwamba biashara ya dawa haina mbele. Nikaisogelea kompyuta. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini tarehe nasoma. Kwenye kioo alikuwa ameacha mstari mmoja unaotaja kiini kinachoendesha mashine na siku kilipopikwa.

"Mwanangu, huu ni mwezi wa ngapi?"

"Mama, si sasa."

"Nauliza kwa sababu hapa wameandika mwezi wa tatu. Sisi tumekesha mwezi wa tisa."

Akainua kichwa taratibu. Kumbe kiini kipya alikiweka pasipo pake. Mashine ikiwashwa hutafuta kiini kwenye kijisehemu chake maalumu cha diski, na kijisehemu hicho Profesa alisahau kukifungua. Alipika usiku kucha, chakula akakiacha jikoni, mezani akaleta kiporo cha miezi sita!

Akakihamisha, akawasha upya, akaamuru. Kontena likawaka bila neno, na programu ikahesabu makatoni kana kwamba haikuwahi kutusumbua. Saa tatu kasorobo akatoka mbio, na shati lenye mikunjo ya wiki nzima.

Nikasubiri. Saa nne, saa tano, saa sita. Nikipiga simu haipokelewi. Saa saba nikasikia gari nje, na mlango ukasukumwa.

Kwanza ikaingia kompyuta, imebebwa na dereva nisiyemjua. Akaiweka sebuleni, akatoka. Ikaingia ya pili. Baada ya ile ya sita ndipo akaingia Profesa, naye kakumbatia ya saba, hanitazami usoni.

"Kazi umepata?"

"Nimepata," akasema, kama mtu aliyesomewa hukumu.

Bosi alilipenda kontena, tena sana. Akauliza limesimikwaje. Mwanangu, badala ya kunywa maji akanyamaza, akamhutubia nusu saa juu ya utamu wa kupika mwenyewe, akamalizia kwamba kwake yeye ni kazi ya jioni moja. Bosi akaamini kila neno. Kompyuta zote za ofisi zipikwe hivyo hivyo, na zirudi Ijumaa.

Baba yake akazitazama zile saba, akasogea kuufunga mlango.

"Uache wazi, Baba," Profesa akasema. "Hizi ni za mapokezi tu."