Karata za Bi Siwema na Nafasi ya Kigoma

Jumatatu, 2 Julai 1951

Nafasi imetoka Kigoma. Karani wa mizigo! Stesheni Masta ametutangazia asubuhi, mimi na Lukumani, kwa kuwa makarani wa mizigo hapa Tabora ni sisi tu. Mmoja wetu ataondoka Jumatatu ijayo. Anayetaka amwambie. Kisha akajifungia ofisini na chai yake. Ni Mgoa, ametoka Mombasa juzijuzi, vumbi letu bado linamshangaza.

Kigoma hakuna anayeitaka. Joto, homa, dagaa asubuhi, dagaa jioni. Lukumani kasema heri afukuzwe kazi kuliko kupelekwa mbali zaidi na kwao Kisarawe. Mimi nimekunja uso kama mtu asiyependa. Moyoni nilikuwa nimeshapanda treni.

Eustadia yuko Kigoma. Baba yake, fundi wa injini, alihamishiwa huko baada ya Pasaka. Tangu hapo kanisa naliona tupu ingawa watu wamejaa mpaka mlangoni. Katika kwaya alisimama sauti ya kwanza, mimi nyuma yake sauti ya nne. Mwaka mzima nimeimba nikitazama kisogo chake. Nakijua kisogo kile kuliko sura yangu mwenyewe. Siku aliyoondoka nilimbebea masanduku mpaka kwenye behewa. Akanitazama, akangoja. Nikamwambia masanduku yake ni mazito. Basi. Ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu.

Jumanne, 3 Julai

Nimekwenda Gongoni kwa Bi Siwema, yule Mmanyema anayeuza vitumbua na kutazama karata. Padre amekataza ramli. Lakini ramli ni ya mchanga, hizi ni karata. Hata hivyo nimepita mlango wa uani, maana mke wa katekista hununua vitumbua vyake mlango wa mbele.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akataka kujua shida yangu. Nikasema ni ya kazi. Akanitazama kidogo, akatandika karata mkekani: moja katikati, nyingine juu, chini, kulia na kushoto. Zimekaa umbo la msalaba. Hilo limenituliza.

Katikati akatoka kijana wa pau. Huyo mimi. Juu, mwanamke wa kopa, ameshika ua. Moyo ulinidunda hata nikaogopa Bi Siwema atausikia. Kushoto, shupaza, ugomvi kazini. Kulia, uru, safari. Chini, ree, ambayo yeye huiita kinywa. Akasema mambo ni mepesi kabisa. Safari ipo, mwanamke yupo, ugomvi ni mdogo, niupite tu. Kilichokosekana ni mdomo wangu. Niende kwa bwana mkubwa nikaombe.

Nimetoka sikuridhika. Bi Siwema anajua karata, hajui ofisi. Ofisini anayeomba ndiye anayenyimwa. Mwaka juzi niliomba likizo, nikapewa zamu ya Krismasi. Nimekaa kitandani nikazisoma karata upya, kisomi. Kushoto ugomvi, kulia safari. Mtu husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo ugomvi ndio unaozaa safari! Wawili wakigombana kazini, bwana mkubwa huwatenganisha. Mkorofi atapelekwa Kigoma. Nani mkorofi? Mimi.

Jumatano, 4 Julai

Ugomvi na nani? Ugomvi wa kweli ni hatari, mtu anaweza kupoteza kazi. Jawabu ni Lukumani. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani walipita kwao, na utani ukazaliwa huko njiani. Nitakalomwambia, hana ruhusa ya kukasirika. Stesheni Masta hajui habari hizo. Atasikia matusi tu, ataona mimi Bernardo nimekuwa mtu wa hatari. Akili yangu wakati mwingine inanitisha mwenyewe.

Nimefanya mazoezi ya kutukana nyuma ya nyumba. Dada yangu Tekla akatoka na mwiko mkononi, akauliza namtukana nani. Nikasema paka. Akasema hatuna paka. Akaongeza kwamba kama shida ni ile Kigoma, kwa nini nisiende nikaombe. Naye vilevile! Mji mzima umeshikwa na ugonjwa wa kuomba.

Mchana treni ya Kigoma imeondoka. Nimesimama nikiitazama mpaka behewa la mwisho likamezwa na msitu wa miombo. Kila anayepanda treni hiyo namwonea wivu, hata kuku waliofungwa miguu. Kesho asubuhi wataamka karibu na Eustadia, na wala hawatajua bahati yao.

Alhamisi, 5 Julai

Siku ya ugomvi. Nimeanza saa ya chai, nikijua kelele zitamtoa Stesheni Masta ofisini. Nikapaza sauti nikamwambia Lukumani kwamba Wazaramo ni wavivu, kwao mtu hulala chini ya mnazi akiisubiri nazi ijishukie.

Nilidhani yatosha. Kosa kubwa. Tangu Lukumani aje Tabora wengi wetu tumemchosha kwa upole. Uso wake ulichanua. Alinipora kofia akaivaa nyuma mbele. Akawaita wapagazi wa stesheni waje wamwone mjukuu wa mpagazi aliyevaa tai. Kisha akaninyanyua mzimamzima, akaniketisha juu ya mizani, akatangaza kwamba mzigo huu ulidondoka kwenye msafara zamani, hauna mwenyewe, na kwa uzito wake hata aliyeudondosha hakuona tofauti. Akanifunga lebo shingoni. Mama muuza karanga alicheka mpaka akamwaga karanga.

Ilinipasa kujibu. Matusi yote ya nyuma ya nyumba yaliniruka. Na nasema kweli, nilikaribia kucheka na mimi. Nikakumbuka kazi yangu, nikakaza uso, na ndipo Stesheni Masta alipofika. Akaniona nimekaa kwenye mizani, lebo shingoni, uso wa huzuni.

Akataka maelezo. Lukumani akayatoa kwa adabu. Mtani unaweza kumtukana. Unaweza kuchukua chakula chake. Hata akifiwa, unafanya mzaha msibani, naye lazima akuvumilie. Kila alivyoeleza, macho ya Mgoa yalizidi kutoka. Nikajitupa katikati nikasema mimi ndiye niliyeanza. Stesheni Masta akanishika bega. Akasema huo ni uungwana mkubwa, kumkingia kifua mtu anayenitesa.

Ijumaa, 6 Julai

Lukumani anakwenda Kigoma. Kama adhabu.

Mimi nimepewa meza kubwa ya dirishani. Stesheni Masta amesema mtu mpole kama mimi hatamwachia aende popote, maadamu yeye yupo Tabora. Akasema tena, akikoroga chai, kwamba jambo hili limemsikitisha, maana alitamani kumpeleka mtu anayependa kwenda. Kama mmoja wetu angefungua mdomo Jumatatu ile, angemwandikia palepale.

Nimekwenda nyuma ya bohari nikalia. Naandika ukweli, shajara ni yangu. Dirisha langu jipya linatazama reli ya Kigoma.

Jumamosi, 7 Julai

Nimerudi kwa Bi Siwema atandike tena. Amekataa. Akauliza kama niliomba. Nikamweleza habari ya kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Akaacha kugeuza vitumbua, akanitazama mpaka kimoja kikaungua. Akasema muda ungalipo. Treni ni keshokutwa, Lukumani hataki kwenda, ofisi iko wazi mpaka adhuhuri. Niondoke sasa hivi mbele ya macho yake.

Nikaenda. Nimefika mpaka mlangoni, nikabisha, nikaingia. Stesheni Masta akainua uso, akauliza nina neno gani. Neno nilikuwa nalo. Nilimwona Eustadia anageuka, safari hii si kisogo, ni uso wote. Nikafungua mdomo nikauliza kama angependa dirisha lifungwe kwa ajili ya vumbi.

Akashukuru sana. Nimelifunga.

Jumapili, 8 Julai

Misa. Mbele yangu amesimama Katarina, mtu mwema, sauti nzuri. Kisogo si chenyewe. Nimeimba bila kutazama popote.

Wakati wa mahubiri nimezifikiria zile karata. Padre anasema juu ya wavu na samaki, mimi nahesabu kopa na shupaza. Kuna kitu sikukisoma sawasawa. Tekla amenifinya, akidhani nimelala.

Jumatatu, 9 Julai

Nimegundua! Alfajiri, nikinyoa ndevu. Yule kijana wa pau aliyekaa katikati, nani kasema ni mimi? Bi Siwema. Lakini kijana huyo ana mguu mmoja mbele, anasafiri. Mimi sisafiri. Anayesafiri ni Lukumani. Karata hazikukosea hata moja. Ugomvi umetokea, safari imetokea, kijana anaelekea kwa mwanamke mwenye ua. Na kinywa, kumbe, hakikuwa changu! Nani hapa stesheni ana kinywa kama Lukumani?

Nimemkuta karibu na behewa, amenuna, sanduku miguuni. Kabla sijasema akanishika mkono. Akasema Tekla amemweleza kwamba Kigoma naitaka mimi. Injini bado inanywa maji. Twende sote kwa Stesheni Masta sasa hivi, niseme nataka, yeye aseme hataki, tumalize. Alikuwa akinivuta kabisa. Nimemwonea huruma. Mtu mwema, ila hajui kusoma karata.

Nikamkalisha juu ya sanduku lake nikamweleza habari za Eustadia. Nilidhani nitasema kidogo. Nimesema mpaka kengele ya kwanza. Sauti yake, kicheko anachokificha kwa kiganja, anavyoinamisha shingo akitafuta ukurasa, jinsi alivyonitazama siku ile akangoja. Sijawahi kumwambia mtu mambo hayo. Lukumani ameacha kununa. Akauliza kama ana mchumba. Nikasema hana. Akauliza nyumba iko upande gani wa stesheni. Nikamchorea mchangani kwa kidole.

Nimempa kibuyu cha asali ampelekee. Nimemwomba amtembelee kila jioni, amchekeshe, asimwache apweke, mpaka karata zitakaponifikisha huko mimi mwenyewe. Akauliza amwambie neno gani hasa. Nikasema lolote zuri atakaloliona linafaa, mradi litoke moyoni.

Akaniahidi kwamba litatoka moyoni. Akapanda, amekumbatia kibuyu, akanipungia mpaka walipoingia miombo. Sijawahi kumwona Mzaramo akiifurahia Kigoma namna ile. Nimerudi kwenye meza yangu, nimefungua dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka moyo wangu umetulia. Eustadia sasa ana mtu wa kumtunza.