Kompyuta Iliyosinzia Mbele ya Wakwe

Geita,
Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi.

Ng'wanawane Deusdedit,

Marahaba, maana najua huko Shinyanga uliko umeshanisalimu moyoni. Hujambo mwanangu? Kile kifua kimepona? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu, isipokuwa mmoja wetu, naye ndiye sababu ya barua hii. Mgonjwa ni kompyuta uliyoniletea Pasaka, ile uliyoing'oa Windows ukaipandikiza Linux yako, ukaniapia kwamba Linux haishiki virusi, haizeeki, wala hailipiwi. Hukuniambia kwamba haiamki.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza na "sawa shangazi, nitaangalia." Leo hunikatizi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Inalala bila kuaga. Naketi nayo kwenye meza yangu ya kazi, ninaponunulia dhahabu ya akina mama wanaochekecha mchanga. Mizani naweka kushoto. Pochi yangu, ile yenye sumaku ya kuondolea chuma kwenye vumbi la dhahabu, naiegemeza palepale kwenye kibodi, maana Geita hii ukigeuza shingo huna kitu. Naanza kuandika jina la mteja, sijalimaliza, kioo cheusi. Hata mlinzi wa getini hujikaza bosi akipita.

2. Kuamka haitaki. Nikibonyeza kitufe inafumbua jicho, inaniangalia, inalala tena. Mwishowe nakishikilia kitufe mpaka izimike kabisa, niwashe upya, na yote niliyoandika yamekwenda na maji. Ulinielekeza niandike maneno fulani kwenye kidirisha cheusi. Niliandika, herufi kwa herufi, miwani puani. Ikanijibu kwa Kiingereza kwamba sina ruhusa. Mimi! Ndani ya nyumba yangu! Mimi niliyekubeba mgongoni!

3. Ina ubaguzi. Kwako ilikaa macho bila tatizo, ulisema mwenyewe. Juzi nilivaa pochi yangu nikaenda kusali jumuiya, meza nikamwachia jirani yangu Mwamvua, yule wa chapati, ambaye hata kuweka vocha huomba msaada. Ilikaa macho muda wote anaangalia picha za kipaimara cha Martina. Nimerudi, nimeketi, nimeweka vitu vyangu mezani, ikalala. Mwamvua akacheka mpaka akashika ubavu: "Mama Martina, hii haikupendi wewe binafsi." Neno hilo nimelitafakari kwa sala, na nimeona ni la kweli.

4. La nne limenitoka, litanijia.

5. Kishapu. Hili ndilo linaloninyima usingizi mimi, wakati yenyewe inaupata bure. Unajua tulikwenda na mshenga wako, Donatus, kwa wazazi wa Loveness kupeleka posa. Baba yake, Mzee Bartholomeo, akauliza kijana wetu anafanya kazi gani. Nikasema kwa majivuno, ni fundi wa kompyuta, na kazi ya mikono yake hii hapa. Nikaifungua mbele ya wazee wote, nikavua pochi shingoni nikaiweka juu yake ili mikono iwe huru kuwaonyesha picha za duka lako. Ikalala. Nikaiamsha. Ikalala. Mzee akawageukia ndugu zake, taratibu, kama mtu anayetema mbegu: "Kumbe ni fundi wa kuzilaza." Walicheka hadi ng'ombe zizini wakainua vichwa. Kisha akasema jibu la posa tulifuate Jumapili hii, na hiyo kazi ya mikono tuje nayo ikiwa macho. La sivyo, binti yake bado mdogo. Deusdedit, unakosa mke kwa sababu ya usingizi wa chombo!

Sasa, chanzo nimekigundua. Nimemtazama vizuri yule ndege wa Linux kwenye kibandiko ulichobandika mgongoni mwa kompyuta. Mnene, amekaa kitako, tumbo mbele kama mgeni aliyekula sherehe tatu kwa siku moja. Kuruka hajui. Kuwika hajui. Ni watu gani hao wenye akili zao wakampa ndege wa namna hiyo kazi ya kuamsha? Huku kwetu kazi hiyo ni ya jogoo, na wala hana cheti.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba:

(a) Uwaandikie wakubwa wa Linux, popote wanapokaa, wamstaafishe huyo na waweke jogoo. Awe wa kienyeji. Picha ya wangu nitatoa bila malipo.

(b) Wakikataa, uing'oe Linux yote kabla ya Jumapili unirudishie Windows, ambayo ilikuwa mgonjwa lakini ilikuwa macho.

(c) Hayo yakishindikana, uhamie hapa, ukae kando ya kompyuta uiamshe kwa mkono maisha yako yote. Nafasi utakuwa nayo, maana mke hutakuwa naye.

Rozari naisali kila jioni kwa ajili yako, na nia moja nimeiongeza ya kompyuta, Mama Bikira anivumilie. Nisalimie mama mwenye nyumba wako na wote wa hapo dukani. Huku wanakusalimu Martina, Mwamvua, na jogoo.

Ni mimi shangazi yako mwenye uchungu,
Apolonia, Mama Martina.

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Loveness ametoka hapa sasa hivi. Alikuja kunisalimu kutoka kwenye cherehani yake ya hapa mjini, akapiga goti, shikamoo shangazi, kisha akataka kufuta meza aniwekee chai. Akainua pochi. Kompyuta ikaamka. Akairudisha, ikalala. Akainua, ikaamka. Anasema sumaku yake ya kuokotea sindano iliwahi kuilaza kompyuta ya mteja vilevile. Eti kifuniko kina kisumaku chake ndani cha kuilaza kikifungwa, na ikihisi sumaku yangu inadhani nimeifunga. Kumbe siku zote ilikuwa inanitii.

Jumapili atakuja nasi Kishapu, na pochi ataivaa yeye, akae nayo mbali, upande wa baba yake. Huyo binti usimwachie.

Linux ibaki. Ndege naye abaki, ingawa kuwika bado hajui. Na lile la nne limenijia: hukunionya habari ya sumaku.

Barua nampa kondakta wa basi la kesho. Nijibu upesi kama utakuja Jumapili.