Kioo cha Mkwe Hakiamki

Jumamosi, 6 Septemba

Barua ya posa ilifika wiki iliyopita. Aliipeleka Ami Abdulazizi, mshenga wangu, kwa Mzee Mahmoud, karani mstaafu wa mahakama, baba yake Hafidha. Jibu bado. Ami anasema jibu la posa halikimbizwi, na kwa adabu zetu nisionekane hata kwenye mtaa wao mpaka litoke. Mtaa wenyewe nimeshaupita mara nne. Mbili kwa baiskeli, hizo nazihesabu nusu nusu.

Leo Mungu kafungua mlango. Mzee Mahmoud kamtumia Ami ujumbe: kwa vile barua ilisema mposaji ni mtaalamu wa kompyuta, basi aje amtazamie ya kwake. Mzee ana steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Kompyuta ikiachwa kidogo inalala, kama kawaida ya kompyuta. Ikiamshwa, taa inawaka, feni yake inazunguka, kioo kinabaki cheusi tii.

Ami akaniuliza huo utaalamu umetoka wapi. Nikamkumbusha kwamba barua aliipeleka yeye. Akasema aliipeleka, hakuitunga. Ni kweli, kazi yangu ni kubandika protekta na kuuza makava ya simu pale stendi. Lakini simu ni nini kama si kompyuta iliyopungua mwili? Nimenunua bisibisi. Seti nzima, vichwa kumi na viwili.

Jumapili, 7 Septemba

Nimefika saa nne asubuhi. Shati la mikono mirefu, bisibisi mfukoni zikichungulia. Shikamoo, marahaba. Mzee hakunikaribisha ndani, aliniacha dukani tu. Sawa. Duka liko ndani ya nyumba, kwa hiyo kihesabu nimeingia.

Hafidha alikuwa akimtolea mtu kopi za cheti. Aliitika salamu bila kuinua macho. Nimeichukulia kuwa ni heshima.

Kioo cheusi kweli. Nikabonyeza kila kitufe. Nikatikisa kipanya. Nikakunja uso kitaalamu. Mzee akanieleza kwamba huandika barua zake taratibu, kwa vidole viwili, na adhana ikilia huinuka akaenda msikitini. Akirudi anakuta giza.

Nikakibana kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikanyamaza. Nikawasha upya. Picha hiyo! Dakika tatu, na sijagusa hata bisibisi.

Mzee akafurahi, kisha akanyong'onyea. Kumbe mlikuwa na barua, karibu ukurasa mzima, haikuhifadhiwa. Hafidha akauliza kwa nini asiwe anahifadhi huku anaandika. Mzee akamjibu kwamba miaka thelathini na moja ya mahakamani hakuwahi kuweka jaladani karatasi isiyokamilika, na hataanza leo. Nikasema barua ya halmashauri itaandikika tena, maana wazee hawana barua nyingine. Akanitazama kidogo, akasema inshallah.

Nikaletewa chai ya iliki na kaimati. Chai ya mkwe! Nimerudi nyumbani kwa miguu, baiskeli nimeisahau kwao. Sikuisahau kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepiga hesabu. Nikitengeneza kabisa, sina sababu ya kurudi. Nisipotengeneza, mimi si mtaalamu. Kwa hiyo dawa ni kutengeneza kidogo kidogo, mpaka jibu litoke.

Nimeitwa baada ya adhuhuri. Giza lilelile. Nikazima, nikafungua boksi. Nikapuliza vumbi, nikapiga chafya sita. Nikachomoa kile kibao cha kumbukumbu, nikakisugua kwa ufutio wa penseli, nimewaona mafundi wakifanya hivyo kwenye video. Nimezitoa bisibisi zote, nimetumia moja. Skrubu mbili zimebaki. Nimezitia mfukoni bila makelele.

Ikawaka. Bisibisi juu!

Ila Mzee alikuwa ameshaiandika barua yake upya tangu alfajiri, ukurasa na mistari mitatu. Imepotea tena. Akasema hii ni mara ya pili, akawa anaivuta tasbihi yake punje moja moja. Nikamtuliza kwamba hakuna tiba isiyo na uchungu.

Akataka kujua ugonjwa. Nikamwambia ni chumvi. Bahari iko hatua mia tatu, hewa yake inaingia kiooni, mashine ikilala inaganda. Mzee akakubali, hata bawaba za madirisha yake zimeliwa. Hafidha akauliza mbona haigandi ikiwa macho. Nikamwambia ni swali zuri sana. Kisha nikaaga.

Jumatano, 10 Septemba

Akili imefunguka. Ikiwa tatizo ni kuamka, basi isilale!

Nimechukua feni yao ya kusimama, ile inayogeuza shingo. Nikafunga uzi kutoka shingo ya feni mpaka kwenye kipanya. Upande wa pili nikafunga raba bendi. Feni ikienda kulia inavuta kipanya, ikirudi kushoto raba bendi inakirudisha. Kompyuta inadhani kuna mtu kazini. Hafidha aliitazama muda mrefu, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nadhani alicheka. Basi na acheke, mke anayecheka ni neema.

Adhuhuri Mzee kaenda msikitini, karudi, kakuta barua yake inang'aa. Alasiri hivyo hivyo. Akanishika bega. Bega la kulia. Akasema barua imefika ukurasa wa pili, kesho ataimaliza. Hafidha akamwomba amruhusu aihifadhi. Akakataa, mpaka iwe na sahihi.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa. Jana magharibi mama mmoja alikuja kupiga picha za pasipoti, akaona joto, akaigeuza feni imwelekee yeye. Kipanya kikaruka mpaka chini ya rafu ya madaftari. Mashine ikalala. Leo giza, na barua ya kurasa mbili imo ndani.

Nikanyoosha kidole kwenye kitufe. Hafidha akasema niache. Ndilo neno la kwanza kuniambia mwenyewe, ukiacha salamu na lile swali la kuganda. Akampigia simu Mwinjuma, binamu yake, mwalimu wa kompyuta kule Lugoba. Sauti ikawekwa wazi, duka zima tukasikia. Mwinjuma akasema kioo hakina ubaya, chumvi haihusiki kabisa. Programu inayokiongoza kioo ndiyo imechakaa, ikilala haijui kuamka. Mashine ndani iko hai na barua iko salama, ila isizimwe. Atakuja Jumamosi na flashi yake ataiamsha, kisha ataweka programu mpya.

Binamu! Huku kwetu binamu huoa binamu na watu wakapiga vigelegele. Mtu hatoki Lugoba mpaka huku kwa ajili ya kioo.

Wakati natoka, Hafidha kanifuata mpaka mlangoni. Akasema ana ombi moja tu kwangu: mashine ile nisiiguse mpaka Jumamosi. Nikaahidi. Nilikuwa nikimwangalia usoni, ningeahidi hata kuhamia Lugoba.

Jioni Ami kaja. Kakaa, kakohoa, kasema kuna jambo nilijue ili nitulie. Ile barua si ya halmashauri. Ni jibu langu. Mzee hawezi kujibu posa kwa mdomo wala kwa mkono, kwake neno lisilochapwa si neno. Ameswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu amwonyeshe lenye heri, ameandika mara tatu, na zile mara mbili za kwanza kupotea zimemtia wasiwasi kama ni ishara. Ami hajui jibu ni ndiyo au siyo. Akanisihi nitulie.

Nimetulia. Nimekaa kitandani nimetulia nikafikiri. Jibu langu limo ndani ya mashine, na wa kwanza kuliona atakuwa Mwinjuma. Likiwa ndiyo, ataliacha? Kitufe kimoja tu cha kufuta!

Ijumaa, 12 Septemba

Sikuvunja ahadi. Niliahidi kutoigusa mashine. Kioo si mashine. Kioo ni kioo.

Dada yangu Mina ana saluni. Nimeazima draya yake, ile kubwa ya mkono. Mwinjuma anasema chumvi haihusiki, lakini Mwinjuma anakaa Lugoba, chumvi ataijulia wapi? Nikikikausha kioo polepole, kitaamka chenyewe, barua itatokea, nitaihifadhi, nitaichapa nakala tatu.

Swala ya Ijumaa nilikaa karibu na mlango. Imamu alipotoa salamu nikawa wa kwanza viatuni. Sunna nimeiacha, nitailipa. Duka lao lilikuwa wazi, pazia tu. Nani ataiba printa saa ile? Nikachomeka draya kwenye ekstenshini ileile ya kompyuta, nikaiweka kwenye moto wa juu kabisa.

Dakika ya nne kioo kilikuwa cha moto. Ya sita nikaona kama mwanga. Ulikuwa uso wangu. Ya saba ikasikika paa! Harufu ya plastiki. Swichi kubwa ya ukutani imejishusha, nyumba nzima kimya. Na ile feni ndogo ya kompyuta, iliyokuwa inavuma tangu jana, imenyamaza.

Hafidha akatoka nyuma ya pazia. Alidhani umeme umekatika mtaani. Akaiona draya. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. Akaniuliza kama jana nilimsikia alivyoniomba. Nikasema nilimsikia. Akauliza, basi?

Nilikuwa na maelezo mengi, kuhusu kioo na mashine kuwa vitu viwili. Nikachukua draya nikatoka. Baiskeli sikuikumbuka.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimesimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya kibanda cha wauza vocha. Mwinjuma kashuka bodaboda ya kwanza. Ya pili kashuka mkewe, na watoto wawili, na mkungu wa ndizi. Mke! Miaka saba ya ndoa, kaniambia muuza vocha.

Kazi yake imechukua dakika kumi na tano. Niliona kwa dirishani. Akailaza kompyuta, akaiamsha, picha. Akailaza tena, picha. Mara tano. Halafu wakala wali.

Alasiri Ami kaja na jibu. Hakuwa na karatasi, na hapo nikajua. Akanihadithia kwa utaratibu, yeye mtu wa utaratibu. Mzee alikuwa ameandika kwamba posa yetu wameipokea kwa furaha. Mara zote tatu aliandika hivyo. Na mara zote tatu neno lake limefutwa na mkono uleule mmoja. Istikhara haisemi wazi zaidi ya hapo, anaona Mzee.

Hata hivyo Mzee hakukata kamba. Alikuwa tayari kuandika mara ya nne, ndipo akamwuliza binti yake. Hafidha akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mimi si mtaalamu wa kitu chochote. Kava la simu yake kalinunua kwangu mwaka juzi, na protekta nilimbandikia ikiwa na mapovu. Alikubali hivyo hivyo. Alisema mume asiyejua ataishi naye, atamfundisha. Lakini mume anayeambiwa acha, akaahidi kuacha, akashindwa kuacha siku moja tu, huyo atamchosha.

Ami akanywa maji, akaondoka. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Nilikuwa nimeshaoa tangu Jumapili na nilikuwa sijui, na nimejiacha mwenyewe kwa draya.

Jumanne, 16 Septemba

Siku mbili sikutoka. Leo nimetoka. Mtu hawezi kulala milele.

Nimefikiri kwa kina kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye ekstenshini. Draya ile ilihitaji soketi yake peke yake. Wazo lenyewe halikuwa na dosari.

Mchana mteja kaja stendi kubandika protekta, kutoka Mlingotini. Mwalimu Naila, shule ya chekechea, sauti ya upole, pete hana. Katika mazungumzo kanidokeza kwamba kompyuta ya ofisi yao ina vituko: ikilala, ukiiamsha inavuma lakini kioo kinabaki cheusi. Wanatafuta fundi, maana ripoti za watoto zimo humo na hazijahifadhiwa. Akaniuliza kama najua mtu aliyewahi kukutana na tatizo kama hilo.

Nikaweka protekta chini. Nikamwambia tatizo hilo nimehangaika nalo mwenyewe wiki nzima iliyopita, hapa hapa mjini, kwa karani mmoja mstaafu, na kwamba leo kioo chake kinaamka vizuri kabisa. Sikuongopa hata neno moja. Kesho saa tatu ananisubiri.