Walinzi Watatu wa Kompyuta ya Bi Salma

Jumamosi, 15 Februari

Fremu ya duka mbele ya nyumba yetu iko tupu! Muuza vipuri kahamia Mbagala na makabati yake yote. Nimechungulia dirishani mpaka pua ikajaa vumbi. Inatosha. Inatosha sana. Kava za simu ukutani, chaja kwenye kioo, mimi nyuma ya kaunta, feni juu yangu. Miaka yote hii nauzia juu ya meza pale Msimbazi, jua la utosi, na mvua ikija nakimbia na meza kichwani. Basi imetosha.

Tatizo ni Anaeli. Fundi cherehani, mpangaji mwenzangu humu nyumbani, mtaa wa Gerezani, chumba cha tatu. Naye anaitaka. Anashonea uani chini ya kamba za nguo, na kila anayeanua shuka anamwangushia vibanio kichwani. Ana sababu, sikatai. Lakini mimi nina hamu.

Nimemwendea Bi Salma, mwenye nyumba, nikampa shikamoo ndefu. Akaitikia marahaba, akasema habari ya fremu asiulizwe mpaka Ijumaa ipite. Ijumaa mjukuu wake Chiku anaolewa Maskati. Chiku kalelewa humu ndani mpaka wazazi walipomfuata wakampeleka huko. Bi Salma hawezi kusafiri, magoti hayamruhusu, kwa hiyo arusi ataiangalia sebuleni, kwenye kompyuta ya mezani, pamoja na wanawake wa mtaa mzima. Na Chiku ameapa: hatoki mbele ya watu mpaka bibi yake amemwombea dua uso kwa uso.

Ila Bi Salma ana hofu. Redioni wamesema kompyuta huingiwa na virusi, na kuna wapelelezi wanaokuchungulia kwa kamera yako mwenyewe. Ya kwake ameshaifunika kitambaa cha kufuma. Akauliza nani humu anajua namna ya kumlinda mtu.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Jumapili, 16 Februari

Sijui chochote kuhusu antivairasi. Lakini nauza chaja. Ni ujirani.

Nimewasha mashine. Ajabu! Kumbe ina mlinzi wake tayari, alikuja nayo toka dukani. Alama yake ni ngao, kwa hiyo namwita Ngao. Nikambonyeza akague. Akakagua, akakagua, wali ukaiva jikoni, ndipo akamaliza. Akaandika kwa Kiingereza kifupi kwamba hakuna tishio lolote.

Hakuna? Mlinzi gani huyu? Ghala la Kariakoo likikaa mwaka mzima bila mlinzi kukamata hata mwizi mmoja, tajiri huanza kuuliza jamaa analala saa ngapi. Na huyu Ngao hana mshahara. Ni bure kabisa. Sasa kitu cha bure, Bi Salma atanipa fremu kwa lipi?

Anaeli alipita na kikapu cha vitambaa. Akauliza huyo aliyemo ana ubaya gani, si nimuapdeti tu yaishe. Nikamwambia dada Anaeli, kila mtu na cherehani yake. Akacheka, akaenda zake. Sipendi anavyocheka.

Nimebaki na maswali. Kirusi anaingiaje, kwa waya au kwa hewa? Umeme ukikatika anakufa au anasubiri? Na Ngao atamtambuaje, wakati hawajawahi kuonana? Hakuna wa kumuuliza humu ndani. Kesho Kariakoo.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwenda kwa Steven, mwenye kibanda cha kompyuta nyuma ya maduka ya mapazia. Steven hana shaka na kitu chochote duniani. Nikamuuliza antivairasi ipi ni bora. Akauliza niliyonayo imekamata wangapi. Nikasema hakuna. Akanipa pole.

Akatoa flashi yenye Chui. Ndiyo alama yake, kichwa cha chui, mdomo wazi. Nikauliza maswali yote ya mtu makini. Inatoka nchi gani? Nje. Inakula bando? Kiasi. Inaifanya mashine kuwa nzito? Mashine za wengine. Inakamata? Hapo Steven alicheka hadi akashika meza.

Jioni nikaiweka. Dakika haikuisha! King'ora, rangi nyekundu kila mahali, virusi mia tatu na kitu! Nikamwita Bi Salma aje aone. Akaja na tasbihi yake. Akauliza wote hao wamepitia wapi, maana mlango wa mbele anaufunga mwenyewe. Nikamwambia asihofu, mimi Kitwana nipo. Akanishika bega. Nilijisikia vizuri sana.

Na kubwa kuliko yote: Chui amemtaja Ngao. Anasema naye anashukiwa. Mlinzi ndiye mwizi! Nimemzima Ngao hapo hapo.

Jumanne, 18 Februari

Chui anakamata, lakini haui mpaka alipwe. Bei kaiandika mwenyewe, kwa dola. Nilishtuka. Halafu nikajiuliza: hii ni bei ya kuanzia au ya mwisho? Mtu wa Kariakoo halipi bei ya kwanza, hata awe ananunua dawa ya kikohozi. Lakini nitampunguzisha nani? Hana uso.

Nikafanya kama dukani. Nikaondoka. Yaani, nikabonyeza alama ya kufunga. Sijainua hata kidole, Chui kaniita! Subiri, kasema, kwa ajili yako tu, nusu bei. Nikaondoka tena. Kaniita tena, kashuka tena, kaongeza na miezi ya bure! Mara ya tatu nikamwacha kabisa, nikaenda kunywa kahawa barazani. Niliporudi nilimkuta bado ananingoja, ofa ya mwisho, na kisaa kinakimbia kurudi nyuma. Nikamwonea huruma. Nikalipa kwa kadi ya kwenye simu yangu.

Nani Bongo hii amewahi kuipunguzisha mashine? Nimewasimulia jirani zangu wote wa meza. Wamenisifu. Isipokuwa muuza soksi, aliyeuliza kwa nini mwenye mali halisi ashuke kirahisi hivyo. Ndiyo maana bado anauza soksi.

Jumatano, 19 Februari

Virusi wameisha. Chui kaandika mwenyewe, kwa rangi ya kijani.

Sasa wapelelezi. Nimewaza sana juu ya hili. Virusi ni wezi, wapelelezi ni wambea, na mlinzi wa wezi hashughuliki na umbea. Steven amekubaliana nami haraka sana, akanipa Jicho. Kazi yake ni moja tu, kuzuia wanaochungulia.

Jicho ni muulizaji kama mimi. Fulani anataka kusikiliza, nimzuie? Zuia. Fulani anataka kamera, nimzuie? Zuia. Kwa leo au daima? Daima! Natamani ningejua hao fulani ni akina nani. Majina yao marefu, ya Kiingereza, ya kijasusi kabisa. Nimezuia kama mtu anayefukuza inzi buchani.

Jambo moja limenishangaza. Jicho anasema Chui ni mpelelezi. Chui anasema Jicho ni kirusi. Wanashtakiana kwenye kona ya skrini, huyu akijitokeza na huyu anajitokeza. Nimekaa nikiwatazama kama mpira. Nani anasema kweli? Nimeamua wote wabaki, wachungane.

Huku nyuma Anaeli anamshonea Bi Salma gauni la arusi. La zambarau, lesi mikononi, bure! Hongo waziwazi. Tena kapendekeza tumpigie Chiku leo, kwa majaribio. Nimekataa. Nimemweleza kwamba mlango ukishafungwa vizuri haufunguliwi kwa majaribio. Bi Salma kaniunga mkono.

"Kitwana kaniambia hakuna kiumbe atakayenichungulia," alisema, "na mimi nimemwamini."

Akakivua kile kitambaa kwenye kamera, akakikunja, akakitia mfukoni. Fremu naiona hiyo hapo.

Ijumaa, 21 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya swala ya alasiri sebule ilijaa. Wanawake, udi, halua, majagi ya sharubati. Bi Salma kwenye kiti cha mbele na gauni lake la zambarau, kapendeza mpaka nikasahau kwamba ni hongo. Mimi kando ya mashine, shati la kupiga pasi. Chiku akapiga. Akatokea! Hina hadi kwenye viwiko, dhahabu shingoni, wanja machoni. Vigelegele vilipigwa mpaka paka akatoka nje.

Kisha Chiku akasema, "Bibi? Mbona giza? Bibi, uko wapi?"

Bi Salma akajibu kwamba yuko hapa. Chiku hakusikia. Akajibu tena kwa sauti kubwa. Akainuka, na magoti yale, akasogeza uso mpaka karibu na kioo. Wanawake wote wakaita jina lake kwa pamoja. Mtoto wa watu anatutazama na hatuoni, na wanja unaanza kuteremka. Kwenye kona Jicho kaandika kwa furaha kwamba mpelelezi wa kamera amezuiwa, na wa sauti pia.

Nikabonyeza kila kitu. Jicho akadai neno la siri. Sikumbuki kama niliwahi kuliweka. Chui naye akazinduka, akasema programu ya kupigia simu ni hatari, akaifunga. Skrini yote nyekundu. King'ora mbele ya kina mama.

Bi Salma hakunigombeza. Alirudi kukaa taratibu, akakunja mikono mapajani. "Basi atatoka bila dua yangu," alisema.

Nilisikia aibu. Aibu ya kweli. Yule bibi aliniamini, na mimi nilikuwa nimempofusha mjukuu wake siku ya arusi. Sikujua niweke wapi mikono.

Aliyejua la kufanya ni Anaeli. Akatoa simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, akaomba namba ya Chiku, akaiegemeza kwenye jagi la sharubati. Uso wa Chiku ukarudi, mdogo, umepasuliwa na ufa katikati, lakini safari hii alituona. Bi Salma akainua mikono. Akaomba dua ndefu, akamtaja Chiku tangu anatambaa kwenye korido hii. Chiku akaitikia amina huku analia. Sebule nzima ikaitikia, na mimi niliitikia kutoka nyuma ya pazia, ambako nilikuwa nimekwenda kusimama.

Jumamosi, 22 Februari

Fremu kapewa Anaeli.

Bi Salma kaniita aniambie mwenyewe. Nikajitetea. Nikasema ulinzi haukushindwa, ulizidi tu, na kuzidi ni bora kuliko kupungua. Nikagusia na suala la gauni. Hakunisubiri nimalize.

"Wezi sikuwaona, mwanangu," alisema. "Aliyefungiwa nje ni mjukuu wangu."



Anaeli kawaondoa Chui na Jicho, kamwamsha Ngao. Na Ngao, hata macho hajafikicha, akakamata masalia ya Chui na kusema huyu ndiye kirusi. Anaeli na Bi Salma wakanitazama. Mimi naona ni kinyongo tu. Nilimzima siku zote hizo, alitegemea nini?

Nimepita kwa Steven kumweleza. Nimemwambia pia kwamba Chui hayupo tena lakini bado ananikata kwenye kadi. Steven anasema hiyo ndiyo tofauti ya kampuni kubwa, haimwachi mteja. Sikulifikiria hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani. Nimefunga, na jua la leo halina utani.

Lakini kheri imeingia! Anaeli kanionea huruma. Kanipa ukuta wa ndani karibu na mlango wa fremu, nitundike kava zangu. Kivuli! Feni! Wateja wanaingia kupima gauni, wanatoka na kava. Leo asubuhi tu nimeuza zaidi kuliko wiki nzima ya Msimbazi. Sikuwahi kufikiri kwamba maisha yanaweza kuwa mepesi hivi.

Sharti lake ni moja tu: nisiguse laptop yake. Kanunua ya mkono wa pili, na humo ndimo zilimo picha na vipimo vya nguo za Idi za mtaa huu mzima. Nikiigusa, mimi na kava zangu tunarudi juani. Bi Salma alikuwepo, akawa shahidi. Nikaapa. Mwezi mtukufu, siapi ovyo.

Sasa Anaeli kaenda kutafuta zipu. Laptop iko wazi kwenye meza ya kukatia. Nimekaa kwangu, upande wangu, mikono mapajani. Nimetazama tu, na kutazama si kugusa. Kwenye kona ya skrini kuna kitu chekundu kinawaka na kuzima. Nimesogea nikisome. Kinasema kompyuta hii iko hatarini, na mwenye kuijali abonyeze hapa mara moja.

Maskini Anaeli. Vipimo vyote vile, na Idi inakuja. Akirudi akute watu wameviiba, mimi nimekaa hapa nafanya nini? Halafu huyu si Chui wala si Jicho. Ana picha ya tai. Tai sijawahi kumjaribu. Huyo hukamata nini, na anaonaje toka kule juu?

Kubonyeza hakubatilishi saumu.

Nimebonyeza.